Ulinganisho: gesti, hema au kuomba hifadhi kijijini, kwa anayesafiri peke yake kwa baiskeli kutoka Moshi hadi Mbeya

Mpedali wa Majengo (Moshi)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni.

Ninaandaa safari ya baiskeli ya peke yangu kutoka Moshi hadi Mbeya, kupitia Arusha, Makuyuni, Babati, Kondoa, Dodoma, Mtera, Iringa na Makambako. Jumla yake inapita kilomita 1,000, na siku hizi njia hiyo ni ya lami. Nitaondoka mwishoni mwa Juni, masika yakiwa yamekwisha. Baiskeli yangu ni ya milimani, ya tairi za inchi 26, na ina keria ya nyuma tu.

Njia nimekwisha kuichagua. Kinachonisumbua ni usiku, kwa sababu mahali nitakapolala ndipo panapoamua nibebe kilo ngapi, niondoke saa ngapi, nile nini na nitumie fedha kiasi gani. Ninaona mambo matatu ya kuchagua. La kwanza ni kulala gesti kila siku na kubeba nguo, vifaa vya baiskeli na maji tu. La pili ni kubeba hema, mkeka wa kulalia, mfuko wa kulalia na jiko dogo, nilale popote nitakapochokea. La tatu ni kutobeba kitu chochote cha kulalia, bali kufika kijijini jioni na kuomba hifadhi kwa mtendaji, shuleni, parokiani au msikitini.

Naomba waliowahi kusafiri hivyo, hasa waliosafiri peke yao, wayalinganishe mambo haya matatu kwa barabara hii hii. Video za Ulaya nimezitazama za kutosha, na hazinisaidii kujua nitafanya nini jua likinichwea Minjingu.

Mzee wa Karanga (Moshi)

Mwanangu, nianze na umbali wa miji, kwa kuwa huo ndio utakaokuamulia mambo mengi kabla hujaanza kupima kilo.

Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80, na hapo hakuna mjadala: Boma Ng'ombe, Kikatiti, Usa River na Tengeru zimefuatana kiasi kwamba hutakosa chumba hata ukipata pancha kila baada ya saa moja. Arusha hadi Makuyuni ni kama kilomita 80 nyingine. Ukishapita Kisongo na Meserani unaingia katika nyika ya malisho, nyumba zinapungua na kivuli kinapungua zaidi, lakini Makuyuni yenyewe ni njia panda ya kwenda Mto wa Mbu na Karatu, na kwa hiyo ina gesti na chakula. Kutoka hapo hadi Babati ni kama kilomita 90.

Kipande hiki cha Makuyuni hadi Magugu ndicho ninachotaka ukitazame kwa makini. Ukielekea kusini, upande wako wa kushoto ni Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, upande wa kulia ni Ziwa Manyara, na eneo la Kwa Kuchinja ni mapito ya wanyama wanaohama kati ya hifadhi hiyo na ile ya Ziwa Manyara. Tembo huvuka barabara ile ile utakayopita. Mchana utaendesha salama ukiwa mwangalifu, lakini hema usilifungue hapo, na usijipe moyo kwamba kwa kuwa uko nje ya mpaka wa hifadhi basi uko nje ya njia ya wanyama. Ukiona jua linashuka ukiwa karibu na kiwanda cha mbolea cha Minjingu, omba hifadhi pale penye watu, au simama hapo hapo utafute usafiri wa kukufikisha Magugu.

Kwa hiyo katika kilomita 250 za mwanzo hema halikusaidii kitu. Ama utakuwa mahali penye gesti, ama utakuwa mahali ambapo kulifungua ni hatari.

Nikiongeza uzoefu wangu, gesti humpa mwendesha baiskeli mambo ambayo hayaonekani katika bei. Ndoo ya maji ya kuoga na ya kufulia. Soketi ya kuchajia simu. Mlinzi getini. Mama lishe aliye hatua chache kutoka hapo, mwenye wali na maharage saa moja usiku na chapati saa kumi na mbili asubuhi. Hata daftari la wageni, lile linaloandikwa jina, kabila, unakotoka na unakokwenda, lina faida kwa mtu aliye peke yake, kwa kuwa likitokea jambo kuna mahali palipoandikwa kwamba tarehe fulani ulilala hapa na ulikuwa unaelekea kule.

Masharti yangu mawili ni haya. Omba chumba cha nyuma, mbali na baa, kwa kuwa muziki wa baa unaweza kukunyima usingizi hadi usiku wa manane. Na baiskeli iingie chumbani pamoja nawe. Mhudumu akikataa, nenda gesti ya pili.

Fundi wa Pasua (Moshi)

Mzee amesema ya barabarani, mimi niseme ya karakana.

Hema la mtu mmoja, mkeka, mfuko wa kulalia, jiko na sufuria, ukivijumlisha kwa vifaa vya kawaida vinavyopatikana hapa, ni vigumu kushuka chini ya kilo tano, na ukiongeza mafuta ya jiko na chakula unakaribia nane. Wewe umesema una keria ya nyuma tu. Maana yake ni kwamba uzito huo wote unaangukia gurudumu la nyuma, ambalo tayari limebeba sehemu kubwa ya mwili wako.

Kinachokatika kwanza huwa ni spoku, na mara nyingi ni ya upande wa gia. Upande ule spoku hukazwa zaidi, kwa kuwa rimu imevutwa upande mmoja ili gia zipate nafasi. Ubaya wake ni kwamba huwezi kuibadilisha bila kufungua gia, na chombo cha kufungulia gia hutakipata kwa fundi wa kijijini, ambaye amezoea baiskeli zisizo na gia. Msafiri mwenye mzigo mdogo anaweza kumaliza safari nzima bila kuliona tatizo hilo. Mwenye mzigo mkubwa inambidi abebe spoku za akiba zenye urefu wake kamili pamoja na chombo hicho, na hivyo uzito unazaa uzito.

Niseme pia kuhusu tairi, maana wengi huchanganya. Tairi yako ya inchi 26 hukaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 559, na utaipata Babati, Dodoma na Iringa bila shida. Zile baiskeli kubwa za inchi 28 zilizojaa vijijini hutumia rimu ya milimita 635, na baiskeli za mbio hutumia ya milimita 622. Haziingiliani kabisa, hata kama kwa macho zinaonekana kukaribiana. Beba tyubu mbili, viraka, solusheni na pampu. Pembeni mwa lami kuna nyaya nyembamba zinazotoka kwenye tairi za malori zilizopasuka, na ukiingia vumbini kusimamisha hema kuna mbigili na miiba ya migunga. Gesti ina sakafu ya saruji. Hiyo nayo ihesabiwe katika ulinganisho huu.

Kwa hiyo mimi ninaunga mkono gesti, na ninaunga mkono kwa sababu ya gurudumu.

Dada wa Njiro (Arusha)

Mzee wa Karanga, shikamoo. Fundi, habari za kazi.

Ninaheshimu yote mliyoyasema, lakini nadhani mmelipima hema kama nyumba ya kila siku, wakati kwa msafiri wa peke yake kazi yake ni nyingine. Hema linakupa ruhusa ya kusimama. Anayetegemea gesti pekee ana mji mmoja tu wa kufika, na akichelewa kwa pancha, kwa upepo au kwa kuumwa tumbo, anaendelea kupedali hata giza likiingia. Kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, na giza huja haraka mno baada ya hapo. Kuendesha baiskeli usiku kwenye barabara kuu yenye malori na mabasi ni hatari kubwa kuliko hatari zote tunazozijadili hapa, ikiwemo ya kulala nje. Mtu aliyebeba hema ikifika saa kumi na moja anaweza kusema imetosha, akaanza kutafuta mwenyeji.

Nimesema mwenyeji, kwa kuwa sikubaliani na kulala porini. Ninachokifanya ni kuunganisha jambo la pili na la tatu uliyoyataja: ninakuwa na hema langu, lakini ninalisimamisha ndani ya uwanja wa watu. Tofauti yake na kuomba malazi matupu ni kubwa. Ukienda mikono mitupu kuomba pa kulala, desturi yetu inamlazimisha mwenyeji akupe kitanda, na pengine kitanda hicho ni cha watoto wake, ambao watalala chini kwa ajili yako. Ukimwambia kwamba unacho cha kulalia na unaomba kona ya uwanja tu, umempunguzia mzigo, naye anakukubali kwa moyo mwepesi.

Namna ya kuomba ina utaratibu wake. Fika mapema, watu wakiwa bado wanakuona vizuri usoni. Shuka kwenye baiskeli kabla ya kuingia uwanjani, piga hodi, salimia kwa ukamilifu, ukubali kukaa hata kama umechoka na unatamani kulala. Jitambulishe: jina, unakotoka, unakokwenda, na kwa nini uko peke yako, kwa sababu hilo la mwisho ndilo litakalowashangaza. Toa kitambulisho kabla hujaombwa. Kisha omba upelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji ili naye ajue upo. Wengi hulipuuza hili wakidhani ni usumbufu, kumbe ndilo linalomlinda mwenyeji wako dhidi ya maswali ya kesho.

Kwa mwanamke ninaongeza kwamba ni vizuri kumtafuta mama wa nyumba. Karibu na Bereko nilipokewa na mama mmoja aliyekuwa anapeta mahindi. Hakuniuliza mengi. Aliinuka, akapima kwa macho nafasi kati ya jiko na zizi la mbuzi, akafagia mawe madogo, na nilipomaliza kusimamisha hema akazungusha matofali manne ya tope kwenye pembe zake kwa sababu ya upepo, huku akiwaambia watoto wasiikanyage kamba. Usiku nilisikia kila mara alipotoka kuangalia mbuzi. Sijawahi kulala kwa utulivu wa namna hiyo katika gesti yenye baa.

Shukrani toa asubuhi. Nenda duka la kijiji hicho hicho ununue sukari, majani ya chai na sabuni. Fedha mkononi huwatia wengi aibu, na wengine huikataa.

Nesi wa Usa River

Nitazungumzia afya tu, kwa sababu inagusa pande zote.

Mbu wanaoeneza malaria huuma usiku, yaani saa zile zile ambazo ulinganisho huu unazihusu. Magugu kuna mashamba ya mpunga ya umwagiliaji, na Mtera kuna bwawa kubwa. Sehemu zote mbili zina maji mengi na mbu pia. Hema zuri lenye wavu wa ndani na zipu nzima ni kinga nzuri kuliko chandarua cha gesti chenye matundu. Lakini si lazima ubebe hema kwa sababu hiyo pekee. Beba sindano na uzi, uzibe matundu ya chandarua kabla ya kulala, na uchomeke pindo lake chini ya godoro pande zote. Pia mulika mishono ya godoro kwa tochi utazame kunguni kabla hujaweka begi kitandani.

Upande ambao gesti inashinda waziwazi ni usafi. Anayekaa kwenye siti kutwa nzima huota vipele na michubuko sehemu za kukalia, na jasho likikauka humo kwa siku mbili tatu vipele hugeuka vidonda. Kinga yake ni kuoga kila jioni kwa sabuni, kufua kaptula ya kuendeshea, na kutoivaa tena kabla haijakauka vizuri. Kwa ndoo mbili za gesti jambo hili ni rahisi. Kijijini, ambako pengine mama mwenye nyumba amechota maji kutoka mbali, hutakuwa na ujasiri wa kuomba ndoo ya pili, na hupaswi. Kwa hiyo hata ukichagua njia ya Dada wa Njiro, usiunganishe usiku mwingi mfululizo nje ya mji.

Mpedali wa Majengo (Moshi)

Ninawashukuru wote. Mzee wangu, shikamoo; hoja ya Kwa Kuchinja sikuwa nimeiwaza kabisa, na imefuta mpango wa kulala nje kabla ya Babati.

Sasa naomba tusogee mbele. Babati hadi Dodoma ni kama kilomita 250, na ramani inaonyesha Kondoa ikiwa mji mkubwa wa pekee katikati. Kwa mwendo wangu, kilomita 80 za mlima ni siku nzima. Je, mtegemea gesti anaweza kuzimaliza bila kuendesha usiku?

Mrangi wa Sakina (Arusha)

Huko ni nyumbani, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu kidogo.

Barabara ya Babati hadi Dodoma kwa lami ilizinduliwa mwaka 2018. Kabla ya hapo anayekwenda Dodoma kutoka Arusha alichagua kati ya vumbi na tope, na wengi walizunguka kupitia Singida au Chalinze. Sasa lami ni nzuri, lakini lami haikuiondoa milima. Kutoka Babati hadi Bonga ni kama kilomita 20, na baada ya hapo unaingia milima ya Irangi, kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, kupitia Bereko na Kolo hadi Kondoa. Babati hadi Kondoa ni karibu kilomita 100. Mtu mwepesi akiondoka saa kumi na mbili asubuhi atafika. Mwenye kilo nane za ziada huenda asifike, na hapo ndipo hoja ya Fundi na hoja ya Dada zinapogongana: hema linakupa ruhusa ya kusimama njiani, lakini ni hilo hilo hema linalokufanya ushindwe kufika.

Ushauri wangu ni kwamba usikimbilie kuimaliza hatua hiyo kwa siku moja. Simama Kolo. Hapo kando ya barabara kuna ofisi ya mambo ya kale, ambako unajiandikisha na kupata mtu wa kukuongoza kwenye michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Ni jambo la kuumiza kumwona Mtanzania akipedali mbele ya kibao kile bila kugeuza kichwa, wakati watu wanavuka bahari kuja kuitazama michoro hiyo. Ukitoa nusu siku kwa michoro, utahitaji kulala jirani na hapo, na mahali pa kuomba uwanja ni pengi, kwa kuwa vijiji vya Warangi vimejaa pande zote na watu wake wamezoea wageni.

Kondoa hadi Dodoma ni zaidi ya kilomita 150, na hii ndiyo hatua ambayo gesti pekee haitoshi kwa mwendo wako. Vipo vituo vidogo njiani, na baadhi vina vyumba, lakini sitakutajia chumba ambacho sijalala. Ugawanye mwendo kwa siku mbili, na jioni ya siku ya kwanza uombe uwanja kijijini. Ukifika Mayamaya ujue zimebaki kama kilomita 40 na ushee kuingia Dodoma.

Kijana wa Soweto (Moshi)

Mimi ninaleta chaguo la nne ambalo halijatajwa. Mahali pasipo na gesti, simamisha basi au lori jioni, pakia baiskeli, lala mji ulio mbele, kisha asubuhi rudi pale ulipoishia kama unajali kuunganisha njia nzima. Makondakta wengi hukubali kuiweka baiskeli kwenye buti au juu ya keria, mkikubaliana bei kabla hajaishika. Sioni sababu ya kubeba nyumba mgongoni kwa ajili ya usiku mmoja au miwili.

Dada wa Njiro (Arusha)

Ndugu yangu wa Soweto, kwa dharura ninakubaliana nawe, na kila msafiri wa peke yake anapaswa kuwa na nauli ya akiba ambayo haigusi. Lakini kama mpango wa kawaida una kasoro mbili. Jioni mabasi hupita yakiwa yamejaa, na anayesubiri gari lenye nafasi hujikuta gizani kando ya lami, yaani hali ile ile tunayoikimbia. Pili, baiskeli huumia kwenye buti kuliko barabarani: kishikio cha gia hupinda, spoku hugongwa na magunia. Ukiipakia, geuza upande wa gia uangalie juu, fungua pedeli, na usimame hapo hapo mpaka buti lifungwe.

Kuna jambo jingine ambalo limekuwa likinikera katika mijadala ya namna hii, nalo ni kuuhesabu upweke kama hatari tu. Anayesafiri peke yake hukaribishwa kuliko kundi. Watu wanne wenye baiskeli wakiingia kijijini wanatazamwa kama msafara. Mtu mmoja anatazamwa kama mtoto wa mtu. Ndiyo maana ninasema kwamba anayelala gesti kila siku, akifunga mlango saa mbili usiku na kuishika simu, ameukosa upande mzuri wa safari aliyoichagua mwenyewe.

Mzee wa Karanga (Moshi)

Marahaba, binti yangu. Hoja yako ya kusimama mapema imenigusa, na ninakubali kwamba sikuwa nimeipa uzito wake. Ila nitaendelea kutetea gesti kwa nusu ya pili ya safari.

Kutoka Dodoma hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 250, Mtera ikiwa takriban katikati, kwenye bwawa la Mto Ruaha Mkuu ambako samaki ni wa siku hiyo hiyo. Nchi ile ni kame, na mpaka Mtera joto ni kali hata Juni. Ukishapita Migori utaukuta mlima Nyang'oro unaopandisha kuelekea Iringa. Uuanze asubuhi na mapema ukiwa na maji ya kutosha, kwa hesabu ya nusu lita hadi lita moja kwa kila saa ya kupanda. Kwa maana hiyo usiku wa kabla ya mlima unapaswa kuwa wa usingizi mzuri na chakula kingi.

Baada ya Iringa hali inageuka kabisa. Mafinga na Makambako zina baridi kali Juni na Julai, na anayetoka Moshi akidhani anaijua baridi kwa sababu anauona mlima kila siku atashangaa. Hapo ndipo mfuko mzito wa kulalia ungehitajika. Lakini angalia mpangilio wenyewe: mahali penye baridi ndipo penye miji iliyofuatana, na gesti zake hutoa mablanketi mazito, kwa kuwa wenyeji wanaijua hali yao. Mahali ambapo huenda ukalala uwanjani, yaani Kolo, kati ya Kondoa na Dodoma, na labda kabla ya Mtera, shuka, koti na soksi vinatosha. Kwa hiyo mfuko wa kulalia ubaki nyumbani. Na kuhusu msitu wa Sao Hill, usishawishike na kivuli cha misonobari ukafungua hema humo. Kiangazi watu wa msitu wana wasiwasi wa moto kwa haki kabisa, na mgeni aliyelala katikati ya miti hana maelezo ya kuwaridhisha.

Jiko nalo liache. Njia hii haina siku hata moja ambayo hutapita mahali panapopikwa chai. Beba karanga, ndizi na mkate wa akiba.

Fundi wa Pasua (Moshi)

Mzee akiondoa jiko, sufuria, mafuta na mfuko wa kulalia, amebakiza hema na mkeka, yaani kama kilo tatu. Kwa hesabu hiyo ninalegeza msimamo wangu, kwa sharti kwamba kilo hizo zisikae nyuma. Hema lifungwe kwenye usukani kwa mikanda miwili, nguzo zake zilazwe kando ya bomba la juu la fremu, na waya wa breki usibanwe. Ukimaliza kufunga, geuza usukani kulia na kushoto mpaka mwisho. Kama waya unavutika, fungua uanze upya. Gurudumu la nyuma liletwe kwangu likazwe spoku zote na kunyooshwa wiki moja kabla ya safari, ili uendeshe mjini kidogo na kulirudisha kama litalegea.

Mpedali wa Majengo (Moshi)

Basi nimeamua. Nitalala gesti Arusha, Makuyuni na Babati. Kwenye milima ya Irangi nitalala uwanjani kwa watu, jirani na Kolo, baada ya kuitazama michoro. Kondoa nitalala gesti ili nioge na kufua kama Nesi alivyosema, kisha usiku mmoja kijijini kabla ya Dodoma. Dodoma hadi Mtera nitaamua kwa upepo na miguu, na kutoka Iringa hadi Mbeya ni gesti na mablanketi yake. Hema na mkeka vitakwenda mbele kwenye usukani. Jiko na mfuko wa kulalia nimekwisha kuvirudisha kwa mwenyewe aliyeniazima.

Kila jioni nitamtumia kaka yangu ujumbe wenye jina la kijiji na jina la mwenyeji au gesti. Fundi, nitakuletea gurudumu Jumamosi asubuhi. Naomba unitafutie spoku nne za urefu wake, pamoja na kile chombo cha kufungulia gia.

Fundi wa Pasua (Moshi)

Njoo na baiskeli nzima, usilete gurudumu peke yake, na uje na hema pia. Tutalifunga hapa hapa, kisha uzunguke nalo hadi Boma Ng'ombe na kurudi kabla sijakupa jibu la mwisho kuhusu keria.